Kitenzi na Mkia Wake

Mazungumzo na wanafunzi wa darasa la jioni la Kiingereza, Magomeni, Dar es Salaam

Wazee wangu, shikamooni. Wengine wote, habari za jioni, na poleni na foleni ya Barabara ya Morogoro. Najua humu kuna waliotoka bandarini moja kwa moja, kuna wa hotelini, kuna wa maduka ya Kariakoo, na pale nyuma naona madereva wa bajaji ambao wameziba mlango kwa vyombo vyao. Karibuni.

Mmeniita nizungumzie jambo moja, nami nimefurahi kwamba ni hilo: vile vitenzi vya Kiingereza vinavyotembea na kijineno nyuma yake. "Turn off." "Run out." "Put up with." Wenyewe wanaviita "phrasal verbs". Mimi darasani naviita vitenzi vya mkia, kwa sababu kitenzi ni mwili, kile kijineno cha nyuma ni mkia, na kwa mnyama huyu mkia ndio unaokuonyesha anaelekea wapi.

Malalamiko yenu nimeyasikia kabla sijaingia. Mnasema: mwalimu, "give" tunaijua, "up" tunaijua, sasa "give up" imekuwaje kukata tamaa? Msidhani mko peke yenu. Samuel Johnson, yule Mwingereza aliyetoa kamusi kubwa mwaka 1755, aliandika katika utangulizi wake kwamba jambo hili ndilo linalowapa wageni taabu kubwa kuliko yote katika Kiingereza: kitenzi kile kile, kijineno kikibadilika, maana inahama. Akasema amevikusanya kwa uangalifu, lakini hawezi kujisifu kwamba amevimaliza. Jina lenyewe la "phrasal verbs" lilienea baadaye sana, kupitia maandishi ya Logan Pearsall Smith mwaka 1925. Kwa hiyo watu walikuwa wanavisema karne na karne kabla hata havijapata jina.

Sisi vinatupiga chenga zaidi kwa sababu ya njia tuliyopitia. Katika shule zetu nyingi za serikali, mtoto anasoma kwa Kiswahili hadi amalize shule ya msingi, kisha akiingia kidato cha kwanza karibu kila somo ni Kiingereza: baiolojia, historia, jiografia. Kiingereza anachokutana nacho hapo ni cha kitabu. Anajua "postpone", anajua "investigate", anajua "extinguish" na "tolerate". Maneno mazuri, lakini angalieni yalikotoka. Mengi ya namna hiyo yaliingia kutoka Kilatini na Kifaransa, na mlango ulifunguka hasa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Yakawa maneno ya mahakama, ya kanisa, ya shule. Jikoni na shambani watu walibaki na vitenzi vyao vifupi: put, get, take, come, go, look. Walipotaka maana mpya, walikiongezea kitenzi mkia. Kwa hiyo mahakamani ni "postpone", nyumbani ni "put off". Mahakamani "investigate", nyumbani "look into". "Extinguish" ni ya tangazo ukutani. Anayelala chumba kimoja na wewe atakuambia "put out the light".

Ndiyo maana kijana wetu aliyemaliza kidato cha nne anaweza kuisoma tahariri ya gazeti akaielewa, halafu mtoto wa Kiingereza wa miaka mitano akimwambia "We've run out of milk", anabaki anajiuliza nani kakimbia na maziwa.

Ninachotaka kuwaambia jioni hii ni kimoja. Kazi inayofanywa na mkia wa Kiingereza mnaifanya kila siku kwa Kiswahili, ila Kiswahili kinaifanya ndani ya kitenzi. Ile minyambuliko mliyofundishwa shuleni mkaona ni ya mtihani tu, "pika, pikia, pikiwa, pikisha", ndiyo itakayowavusha.

Chukueni sukari. Umefungua kopo asubuhi, hamna kitu. Unaweza kusema: sukari imeisha. Unaweza kusema: tumeishiwa sukari. Hakuna mtu humu anayehitaji mwalimu amweleze tofauti. Ya kwanza ni habari za sukari. Ya pili ni habari zetu sisi, tuliobaki tunatazamana na birika. Mwingereza naye anazo mbili: "The sugar has run out", na "We have run out of sugar". Kuisha ni "run out". Kuishiwa ni "run out of". Sisi tumekivuta kitenzi kwa ndani, yeye amefunga kijineno kingine kwa nje, na sote tumefika kwa aliyepatwa na shida. Nimeishiwa salio: "I've run out of airtime." Tumeishiwa umeme wa LUKU: "We've run out of units." Nimeishiwa uvumilivu: "I've run out of patience."

Wengi hapa mjini tunasema "Sugar is finished", na tunaelewana vizuri tu. Lakini mtu akiishiwa hela akasema "I am finished", mwenzake ataelewa kwamba kazi ameimaliza, au kwamba mambo yake yamekwisha kabisa, wamwite shehe au padri.

Haya, simu. Amekata simu: "He hung up." Maneno hayo yametoka enzi za simu za ukutani, ambapo ukimaliza kuongea unakitundika kile kisikilizio kwenye ndoano yake. Siku hizi hakuna anayetundika kitu, ila kitenzi kimebaki. Sasa semeni: amenikatia simu. Mnaisikia ile "-ia"? Imebeba uchungu. Hakukata tu, alikukatia wewe, ukiwa bado unaongea. Kiingereza kinaubeba uchungu huo kwa "on": "He hung up on me."

Gari limeharibika: "The car broke down." Gari limeniharibikia Kimara, usiku, na mvua inanyesha: "The car broke down on me." Simu imezima: "My phone died." Simu imenizimikia katikati ya mazungumzo na bosi: "My phone died on me." Mume kaondoka: "He walked out." Mume kamkimbia mkewe: "He walked out on his wife."

Naona vijana mmecheka niliposema kuzimikia. Ile ya mtaani, ya kaka kamzimikia dada, nayo ina mkia wake: "He fell for her." Tuendelee.

Hapa kuna jambo ambalo mkilishika litawasaidia kuliko orodha ndefu ya kukariri. "-ia" yetu ni ya pande mbili. Nifungulie mlango ni wema. Amenikatia simu ni ubaya. Kiambishi ni kilekile, na sisi tunaachia mazingira yaamue. Kiingereza hakiachii. Kikiwa kitendo cha kunifaa kinasema "for me": "Open the door for me." Kikiwa cha kuniumiza, mara nyingi kinasema "on me". Kwa hiyo kabla hujafungua mdomo jiulize: hii "-ia" yangu ni ya faida au ya hasara? Jibu litakupa mkia.

Njooni kwenye "up". Wote mnajua ni juu, na ni kweli: "stand up", "pick up that pen". Lakini nusu ya "up" mtakazozisikia hazina juu wala chini. Jikoni mtu anaambiwa "cut the onion", kata kitunguu. Akiambiwa "cut up the onion", ni nini? Katakata kitunguu. "Tear the letter", chana barua. "Tear up the letter", chanachana barua. "Break", vunja; "break up the furniture", vunjavunja. Mmeona? Mwingereza anaweka "up", Mswahili anarudia kitenzi. Wote tunasema kitendo kimeenda mpaka mwisho, hakikubaki kipande. Basi ukisikia "eat up", usitafute juu. Mama anamwambia mtoto amalizie chakula. "Drink up", maliza kinywaji chako tuondoke. Pale kituo cha mafuta, "Fill it up" maana yake tanki lijae. "The well has dried up", kisima kimekauka kabisa.

Na hata kupakua chakula sufuriani wenyewe wanasema "dish up". Hiyo sijui niiweke kwenye kundi gani, lakini nimeipenda.

"Off" ni kuachana. Kitu kilikuwa kimegusana na kingine, sasa vimeachana. Kiswahili kina kale ka "u" ka kugeuza: vaa, vua, bandika, bandua, funika, funua, anika, anua. Kiingereza kwa nguo kinasema "put on" na "take off". Stika unaibandika, "stick on", na unaibandua, "peel off". Taa na feni, "switch on", "switch off". Halafu kuachana kunatanuka. Ndege inaachana na ardhi pale Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere: "The plane takes off." Kifungo kinaachana na shati kwenye msukumano wa daladala: "A button came off." Kampuni imeyumba na watu wameachanishwa na kazi bila kosa lao: "They were laid off." Shangazi anarudi Iringa, mnamsindikiza mpaka stendi ya Mbezi: "We saw her off." Mkumbuke tu kwamba "see off" ya mgeni ni kumsindikiza na "see off" ya mwizi ni kumtimua. Sisi tuna maneno mawili, wao wanaangalia ni nani anayeondoka.

Sasa kuna ile inayowakera wote: "go off". Taa zikizimika, "The lights went off." Kengele ya saa ikilia, "The alarm went off." Moja imezima, nyingine imewaka, na kitenzi ni kilekile! Maziwa yakichacha, Mwingereza anasema "The milk has gone off." Bomu likilipuka, nalo "went off". Mwanafunzi mmoja aliniambia hii ni dhuluma, na sikuwa na la kumpinga. Lakini jaribuni kuitazama kwa kuachana kulekule. Kila kitu kimeachana na hali yake iliyotulia. Kengele ilikuwa kimya, imeuacha ukimya. Maziwa yalikuwa mazuri, yameuacha uzuri. Haielezi kila kitu, ila inatosha kukufanya ubashiri, halafu sentensi iliyobaki inakuthibitishia. Taa hazilii na kengele haichachi.

"Away" nitaipita haraka, maana mnayo tayari. Tunasema kutupilia mbali, tunasema potelea mbali, na hakuna anayechukua futi kamba kupima huko mbali. "Throw away", "run away", "fade away" ni mbali ileile.

Na kama bado mnawaonea wivu waliozaliwa na lugha hii, wahurumieni siku wakija kujifunza ya kwetu. Mtu anaambiwa "piga" ni kuchapa, halafu asubuhi moja anasikia tunapiga mswaki, tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga simu, mgeni anapiga hodi, na jioni watu wanapiga kura. Anajiuliza nchi hii ina amani kweli.

Nisiwadanganye kwamba kila kitenzi cha mkia kinafunguka kwa ufunguo huu. "Give up" inafunguka: mwizi aliyejisalimisha polisi, "He gave himself up", na anayekata tamaa naye amejisalimisha kwa jambo lililomshinda. "Put up with" sijawahi kuona namna ya kuieleza ikaeleweka. Ni kuvumilia, na hii unaikariri tu, ndani ya sentensi ya maisha yako: "How do you put up with this heat?" Mgeni atakuuliza hivyo mwezi wa pili, shati limemganda mgongoni.

Nigusie sarufi kidogo, kisha tutoke humo. Mnaruhusiwa kusema "Turn off the fan." Mnaruhusiwa kusema "Turn the fan off." Lakini feni ikigeuka "it", njia inabaki moja: "Turn it off." Hakuna "Turn off it". Watu wanaona kanuni hii ni ya ajabu, nami nashangaa, kwa sababu ni ya kwetu kabisa. Unasema: nimezima feni, na "feni" imekaa nje ya kitenzi. Ukiacha kuitaja jina, unasema: nimeizima. Ile "i" iko wapi? Imebanwa katikati, kati ya "nime" na "zima". "I turned it off", ile "it" imebanwa vilevile, kati ya "turned" na "off". Kitu kikipoteza jina kinaingia ndani.

Wapo wasiokubali kubanwa. "Look after the children", watunze watoto, inakuwa "look after them", kamwe si "look them after". "Look for the keys", "look for them". Utawajuaje? Tumia sikio. Mwingereza akisema "turn it off", sauti inapanda kwenye mkia: OFF. Akisema "look for it", sauti iko kwenye "look", na "for" inamezwa hata huisikii. Mara nyingi mkia unaosikika unakubali kuachwa nyuma, na unaomezwa unang'ang'ania mwili. Sheria hii ina mianya yake, lakini itakufikisha mbali kuliko kukariri.

Na kwa kuwa nimetaja sauti: mnazo tayari maneno haya mdomoni, hamkujua tu. Pikapu ya kubebea mchanga. Mekapu ya bibi harusi. Chekapu ya hospitali. Pushapu za mazoezi ufukweni Coco. Bondia kapigwa nokauti. Hizo "-apu" zote ni "up", na "-auti" ni "out". Mwingereza kitenzi anakisema kwa kukaza mkia, "pick UP", lakini likiwa jina la gari anakaza mwanzo, "a PICKup". Sisi tulipolipokea tukalikaza silabi ya pili kutoka mwisho, pi-KA-pu, kama Kiswahili kinavyotaka, na biashara ikaisha.

Madereva, hii ni yenu. Kiswahili ni rahisi: kila chombo unapanda na unashuka. Kiingereza kinagawa. Basi, treni, ndege na kivuko cha Kigamboni, unasema "get on" na "get off". Teksi na gari dogo, "get in" na "get out". Ukiweza kusimama na kutembea ndani, ni "on". Ukiingia kwa kujikunja ukakaa, ni "in". Kwa hiyo mwendokasi "get on", treni ya SGR "get on", bajaji "get in". Bodaboda haina ndani, unakaa juu yake kama farasi: "get on". Mtaniuliza kuhusu zile Hiace za zamani, vipanya, ambazo abiria alijikunja mpaka magoti yakagusa kidevu. Lile bado ni basi, tafadhali. "Get on", na Mungu akusaidie.

Abiria akipiga kelele "Shusha!", kwa Kiingereza anasema "Drop me off here, please." Na mteja akikuandikia "Pick me up at six", hakikisha na wewe ukimjibu unaiweka "up" hiyo. Afrika Mashariki tumezoea kuukata mkia: "I will pick you at six." Humu tunaelewana. Kwa mgeni, "pick" bila "up" ni kuchagua, na atajiuliza umemchagua kwa lipi.

Hapo ndipo tunapokosea kwa pande mbili. Pengine tunaukata mkia, pengine tunauongeza pasipotakiwa. "Cope up with" mtaisikia ofisini, kwenye semina, mpaka kwenye hotuba za wakubwa. Sahihi ni "cope with". Ile "up" nadhani imehamia hapo kutoka kwa jirani zake, "keep up with" na "put up with". Na kuna ya tatu, ambayo tunautupa mwili tunabaki na mkia peke yake: "Off the light." Sema "Turn off the light." Katika lugha ya mitaani ya Marekani "off" ikiwa kitenzi ni kuua mtu. Taa haijakukosea kiasi hicho.

Wanaoandika barua pepe za kazi: "I look forward to hear from you" irekebisheni leo usiku kabla hamjalala. Ni "hearing". Ile "to" hapo ni sehemu ya mkia, haina uhusiano na "to" ya "to hear".

Kuna wanaofundisha kwamba vitenzi vya mkia ni lugha ya kihuni, visiingie kwenye barua rasmi. Sikubaliani nao. "Carry out research", "set up a committee", "rule out a possibility", "point out an error", hizo zote utazikuta kwenye ripoti za wasomi na za serikali. Ni kweli barua ya kumkatalia mtu kazi itaandika "declined" kuliko "turned down", na daktari ataandika "vomited" pale ambapo mgonjwa alisema "threw up". Hiyo ni adabu ya mahali, kama sisi tunavyosema kufariki kwenye tangazo la redio na kufa tukiwa nyumbani. Lakini kuvifungia nje vyote ni kuandika Kiingereza cha mtu ambaye hajawahi kukaa na mtu anayekizungumza.

Wa hotelini, msikilize hapa hata kama mengine mmesinzia. Mgeni akija mbio mapokezi akasema "My husband has passed out", mume amezimia. Maji, daktari, gari, kwa haraka. Akisema "My husband has passed away", mume amefariki. Mkia mmoja tu umebadilika. Akikuambia baadaye "He has come round", amezinduka, mshukuru Mungu. Akisema "I threw up all night", alitapika usiku kucha, usimuulize alirusha nini. Na mgeni wa Kimarekani akisema "I'd like to wash up before dinner", mwonyeshe bafu, anataka kunawa mikono na uso. Kwa Mwingereza "wash up" ni kuosha vyombo, naye hakuja Dar es Salaam kuosha vyombo.

Kuna swali pale kwa mama. Anasema: mwalimu, nijifunze vingapi kwa siku?

Mama yangu, sitakupa idadi. Daftari lenye orodha, "get up, get on, get off, get by, get over", zimepangwa kama majina ya wapiga kura, halimfundishi mtu kuongea. Chukua siku yako uisimulie kama ilivyo. Nitasimulia ya kwangu mimi ya kubuni, na nyote mfuatilie mikia:

"The alarm went off at five. I got up and put on my uniform. We had run out of bread, so I made do with tea. I dropped the children off at school and set off for town. I got on the bus at Kimara, and it broke down at Manzese, so everybody got off. While we were waiting, I ran into an old classmate. We caught up on the news. He said he had given up smoking. By the time I got to Posta my phone had died on me, and the meeting had been put off till Friday."

Hakuna neno gumu hata moja humo. Hakuna "postponed", hakuna "encountered". Kila kitenzi unakijua tangu kidato cha kwanza. "Ran into" ni kukutana na mtu bila kupanga. Usifikirie ajali, japo gari likigonga ukuta nalo "ran into the wall". "Caught up" ni kupeana habari za siku zote mlizopoteana. "Made do" ni kujibanabana na kilichopo, na hapo sina la kuwafundisha.

Na kijana wa bandarini ameinua mkono tangu muda. Anauliza kama kuna hatari ya kutumia mkia usio sahihi mbele ya mkubwa. Ipo, ila ndogo kuliko unavyodhani. Ukisema "turn out the light" badala ya "turn off the light", umesema vizuri, zote mbili zipo. Fomu Mwingereza anasema "fill in", Mmarekani "fill out", wewe chagua yoyote. Mkia ukikupotea kabisa katikati ya sentensi, tumia neno la kitabu, "postpone", "complete", "tolerate", hakuna atakayekucheka. Ukirudi nyumbani utafute mkia ulikuwa upi, kisha kesho yake uutumie kwa jambo la kweli, hata kama ni kumwambia mwenzako azime feni.

Haya. Tugawane wawili wawili. Wa upande wa dirisha aanze: jana usiku umeme ulipokatika, ulikuwa unafanya nini, na ukafanya nini? Kwa Kiingereza, na maneno ya kitabu hayaruhusiwi. Sentensi ya kwanza nawapa bure: "The power went out at eight."